Grisi ya Kupitishia Joto Katika Ukarabati wa Alterneta: Mahali Pake, Kiasi Chake na Maandalizi Yake

Alterneta, yaani jenereta ya gari inayochaji betri, inaporudi karakana na dayodi zilizoungua, muda mfupi tu baada ya kuwekewa dayodi mpya, wengi huilaumu dayodi na kutafuta nyingine. Kabla ya kununua tena, inafaa kuchunguza sehemu ambayo jicho halifiki upesi, yaani pale bamba la chuma linaloshika dayodi, au kitako cha regyuleta (kidhibiti cha volti), kinapogusana na alumini ya kasha. Sehemu hiyo ikiwa na uchafu, ikiwa imepinda, au ikiwa imepakwa grisi nyingi mno, dayodi nzuri kabisa itakufa kwa joto ikiwa bado mpya. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuitengeneza sehemu hiyo ipasavyo, na unaanza na hesabu kidogo, kwa sababu fundi anayejua joto linatoka wapi na linapita wapi hatahitaji kukariri maagizo.

Joto linatoka wapi

Stata ya alterneta, yaani sehemu yake ya nyaya isiyozunguka, huzalisha umeme wa mkondo geu katika nyaya tatu, na dayodi ndizo zinazougeuza kuwa mkondo mnyoofu unaoweza kuchaji betri. Alterneta nyingi zina dayodi kuu 6, tatu upande wa chanya na tatu upande wa hasi, na baadhi zina 8. Wakati wowote alterneta inapofanya kazi, mkondo wote unaotoka lazima upite kwenye dayodi mbili mfululizo, moja ya upande wa chanya na moja ya upande wa hasi, na kila moja hupoteza karibu volti 1 inapobeba mzigo mzito. Kwa hiyo alterneta inayotoa ampea 90 hupoteza takriban wati 180 ndani ya dayodi zake peke yake, wati 90 katika bamba la chanya na wati 90 katika bamba la hasi. Hizo ni sawa na wati 30 kwa kila dayodi, katika kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Bado hatujahesabu joto la nyaya za stata, la rota (sehemu inayozunguka), na la injini iliyo jirani.

Dayodi za aina hii kwa kawaida hustahimili nyuzi 175 hivi za Selsiasi katika kiini chake, na baadhi hufika 200. Hewa iliyo chini ya boneti inaweza kukaribia 100 gari linapotembea polepole wakati wa jua. Nafasi iliyobaki si kubwa, na kila kizuizi kidogo kati ya dayodi na kasha kinaila nafasi hiyo.

Kazi ya grisi, na kwa nini iwe kidogo

Nyuso mbili za chuma zinazoonekana laini kwa macho hugusana katika ncha chache tu zilizoinuka. Sehemu iliyobaki kati yao ni hewa, na hewa ni kipitishi duni sana cha joto: uwezo wake ni takriban 0.026, ilhali wa alumini unazidi 200, kwa kipimo cha wati kwa mita kwa kila nyuzi moja. Grisi nyeupe ya kawaida, ambayo ni mafuta ya silikoni yaliyochanganywa na unga wa oksidi ya zinki, ina uwezo wa karibu 0.7. Tazama namba hizo tatu kwa makini. Grisi inaishinda hewa zaidi ya mara 25, lakini yenyewe inashindwa na alumini karibu mara 300. Kwa hiyo inafaa pale tu ilipochukua nafasi ya hewa. Pale ilipochukua nafasi ya chuma, yaani ilipozitenganisha nyuso ambazo zingeweza kugusana, imegeuka kuwa blanketi.

Chukua mfano wa bamba la hasi lenye uso wa mguso wa sentimita za mraba 20, linalopitisha wati 90 kwenda kwenye kasha. Utando wa grisi wa milimita 0.05 utaongeza takriban nyuzi 3 kati ya bamba na kasha, jambo lisilo na madhara. Grisi hiyohiyo ikipakwa nene kama siagi, ikabaki milimita 0.5, itaongeza zaidi ya nyuzi 30. Na kama nafasi ile ya milimita 0.05 ingejaa hewa tupu bila mguso wowote wa chuma, ongezeko lingepita nyuzi 80. Katika hali halisi nyuso hugusana mahali fulani, hivyo kukosa grisi hakuleti maafa makubwa kiasi hicho, lakini hesabu inaonyesha wazi kwamba makosa ni mawili, la kutopaka na la kupaka kupita kiasi, na la pili ndilo linalofanywa kwa nia njema na mikono mikarimu.

Grisi ya kuchagua na zile za kuepuka

Kwa alterneta, grisi nyeupe ya silikoni na oksidi ya zinki inatosha kabisa. Haipitishi umeme, haikauki upesi, na inavumilia joto la mahali hapo. Grisi za bei ya juu zinazouzwa kwa ajili ya kompyuta zina uwezo mkubwa zaidi wa kupitisha joto, lakini ukiandaa uso vizuri na kuacha utando mwembamba, tofauti itakuwa nyuzi chache tu. Fedha hiyo ni bora itumike kununua beringi nzuri.

Usitumie grisi ya beringi, ambayo huyeyuka na kutiririka. Usitumie pia grisi ya silikoni isiyo na unga, ile inayokusudiwa kuzuia maji kwenye plagi na viunganishi vya waya. Inafanana na tunayoitaka, lakini haina ile chembechembe ya madini inayobeba joto. Grisi ya shaba inayopakwa kwenye nati za breki haina nafasi hapa, kwa kuwa chembe zake za chuma zinaweza kuvusha umeme karibu na bamba la chanya, ambalo halipaswi kugusa kasha hata kidogo. Hofu hiyohiyo inahusu grisi zenye fedha au grafiti.

Ipo moja ambayo haifai kukaribia alterneta kabisa: ile ya metali ya maji yenye galiamu. Galiamu hupenya ndani ya alumini na kuidhoofisha mpaka inamegeka, na kasha la alterneta ni la alumini. Ukiiona kwenye rafu ya vifaa vya kompyuta, iache hapo.

Kufungua na kutambua mahali pa grisi

Tenganisha waya wa hasi wa betri kabla ya kugusa chochote, kwa sababu waya mnene wa alterneta umeunganishwa moja kwa moja na chanya ya betri, na spana itakayougusa pamoja na injini itatoa cheche kali. Toa alterneta, isafishe kwa nje, kisha piga alama ya mstari kwenye kasha la mbele, stata na mfuniko wa nyuma ili urudishe kila kipande kilipokuwa. Piga picha za mpangilio wa skrubu, pete zake (washa) na vihami kabla ya kuvitoa. Vihami hivyo vidogo vya plastiki vinaonekana kama vitu vya kutupwa, lakini ndivyo vinavyotenganisha chanya na bodi.

Si kila alterneta hutumia grisi hii, na si kila mguso ndani yake unaihitaji. Katika alterneta nyingi mabamba ya dayodi hupozwa na hewa ya feni inayopita kwenye mapezi yake, nayo yamefungwa kwa skrubu bila grisi yoyote. Katika nyingine, bamba la hasi limelala bapa juu ya mfuniko wa nyuma na hutegemea mfuniko huo kupoa. Hapo grisi ni ya lazima. Regyuleta, au katauti, yenye kitako cha chuma kilichobanwa kwenye kasha nayo kwa kawaida huihitaji. Dalili ya kuaminika zaidi ni kile ulichokikuta: mabaki meupe au ya kijivu, mara nyingine yamekauka na kuwa unga, kwenye nyuso mbili zilizokutana. Ukiyakuta, mtengenezaji aliweka grisi hapo na wewe utaiweka tena. Ukikuta chuma kitupu kwenye uso bapa uliobanwa vizuri, utando mwembamba hautadhuru. Ukikuta nafasi ya wazi iliyoachwa kwa ajili ya hewa, usiizibe.

Dayodi zilizoshindiliwa ndani ya matundu ya bamba zisipakwe grisi. Ubavu wake wenye meno hubana chuma kwa nguvu kubwa, na mguso huo ni bora kuliko grisi yoyote. Pia ndiyo njia ya umeme. Dayodi mpya ikiingia kwa ulegevu kwenye tundu, grisi haitaiokoa: tundu limepanuka, na bamba lote linapaswa kubadilishwa. Wakati wa kuishindilia, sukuma ukingo wake wa nje kwa bomba linalolingana na ukingo huo, wala usiipige nyundo katikati, kwa kuwa silikoni iliyo ndani hupasuka bila kuonyesha alama kwa nje.

Kuandaa nyuso

Hapa ndipo muda wa kazi unapopaswa kwenda. Ondoa grisi ya zamani yote kwa kipande cha plastiki kigumu, kisha ufute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa alkoholi ya isopropili. Rudia mpaka kitambaa kitoke kisafi. Petroli haifai, si kwa hatari ya moto peke yake, bali pia huacha utando wa mafuta na kushambulia vanishi ya nyaya za stata.

Chuma kikiwa kitupu, simamisha rula ya chuma kwa ukingo wake juu ya uso, uuelekeze kwenye mwanga, na utazame chini yake. Pitisha rula kwa urefu, kwa upana, na kwa pembe zote mbili. Mstari mwembamba wa mwanga unaoonekana katikati unamaanisha kwamba bamba limepinda, na mara nyingi lilipindishwa na fundi aliyekaza skrubu moja mpaka mwisho kabla ya kugusa nyingine. Angalia hasa ukingo wa kila tundu la skrubu. Skrubu iliyokazwa kupita kiasi huivuta alumini juu na kuacha ukingo ulioinuka kama mdomo wa kikombe. Hauonekani kwa urahisi, lakini ukipitisha ukucha utausikia. Ukingo huo mmoja unatosha kuliinua bamba zima na kuacha pengo ambalo grisi italijaza bila kulitibu. Uondoe kwa ncha ya keekee kubwa kuliko tundu, ukiizungusha kwa vidole mizunguko miwili au mitatu, bila mashine.

Uso ulio na mikwaruzo au kutu nyeupe ya alumini usuguliwe kwa msasa namba 400 uliotandazwa juu ya kioo kinene. Kioo ndicho kinachohakikisha unasugua bapa. Msasa ulioshikwa kwa vidole huzungusha kingo na kuacha katikati pameinuka. Sugua kwa kuchora namba nane, geuza kipande robo mzunguko kila baada ya muda, na usimame mara tu rangi inapokuwa sawa pote. Hakuna haja ya kung'arisha. Mfuniko wa nyuma ambao hauwezi kulala juu ya kioo usuguliwe kwa kipande kidogo cha chuma bapa kilichozungushiwa msasa. Kabla ya hapo ziba njia ya beringi kwa utepe, na ukimaliza uoshe vumbi lote, kwa sababu chembe moja ya msasa ikibaki kati ya nyuso itazitenganisha kwa unene wake wote, na ikiingia kwenye beringi utakuwa umeanzisha tatizo jingine.

Pima dayodi sasa, zikiwa hazijaunganishwa na stata. Multimita ikiwa katika hali ya kupimia dayodi, kila moja isome kati ya 0.4 na 0.7 upande mmoja na isisome chochote upande wa pili. Ukiziunganisha na nyaya za stata kwa risasi, tumia soldagani yenye nguvu ya kutosha, wati 100 au zaidi, ili kazi iishe upesi, na uushike mguu wa dayodi kwa koleo ili joto liishie kwenye koleo.

Kupaka

Kamulia tone dogo katikati ya uso mmoja, kisha litandaze kwa kadi ya plastiki iliyoshikwa karibu wima, ukikwangua mpaka rangi ya chuma ionekane kupitia weupe wa grisi. Kama huoni chuma, bado ni nene. Fanya hivyo kwenye uso mmoja tu, isipokuwa uso wa pili una mikwaruzo mingi. Hapo uusugulie grisi kwa kidole chenye glovu na kuifuta, ili ibaki ndani ya mikwaruzo pekee.

Ninapendekeza kwa dhati jaribio la alama kwa kila anayefanya kazi hii kwa mara ya kwanza, na pia kwa mzoefu anaposhika alterneta asiyoijua. Funga bamba mahali pake, kaza skrubu zote, kisha fungua tena na kulinyanyua moja kwa moja juu. Uso uliogusana vizuri utaonyesha grisi iliyohamia pande zote mbili kwa usawa, nyembamba na yenye vinyweleo vidogo vilivyovutwa. Pale palipobaki pameng'aa na laini kama palivyopakwa, uso wa pili haukufika, na dawa yake ni kurudi kwenye kioo na msasa. Usiongeze grisi mahali hapo.

Bamba la chanya, likiwa limefungwa juu ya kasha kwa kutenganishwa na karatasi ya ulanga au kihami kingine kigumu, linahitaji utando pande zote mbili za kihami, kwa kuwa kuna mianya miwili ya hewa. Ulanga hupasuka kwa urahisi. Ukiuona una ufa au kona iliyovunjika, ubadilishe. Vihami laini vya mpira wa silikoni havipakwi grisi, kwani vimetengenezwa kujaza mianya vyenyewe.

Iweke grisi mbali na kaboni, yaani brashi zinazopeleka mkondo kwenye rota, na pete za shaba za rota. Mvuke wa silikoni ukifika kwenye cheche ndogo za kaboni hugeuka kuwa vumbi gumu linalosaga kaboni hizo mapema, na grisi yenyewe juu ya pete huzuia mkondo wa rota. Kila kilichovuja pembeni baada ya kukaza kifutwe chote. Badilisha glovu kabla ya kushika kaboni, na usipeleke vidole vyenye silikoni kwenye sehemu itakayopakwa rangi, kwa maana rangi haitashika hapo.

Kukaza na kupima kabla ya kufunga kasha

Ingiza skrubu zote kwa vidole kwanza. Kisha kaza kwa zamu, kwa mshazari, kila moja kidogo, ukirudia mzunguko mpaka kufikia nguvu iliyotajwa katika mwongozo wa alterneta hiyo. Kati ya mizunguko subiri dakika moja au mbili ili grisi ipate muda wa kusukumwa nje. Ni nzito, na ukikaza kwa haraka hunaswa katikati. Nyuzi za skrubu na sehemu kichwa kinapokaa ziwe safi na kavu, kwa sababu skrubu za bamba la hasi pia hupeleka umeme kwenye bodi.

Kabla ya kuunganisha nyaya za stata, pima kati ya bamba la chanya na kasha kwa multimita katika hali ya ukinzani wa juu. Isisome mguso wowote. Namba ikitokea, hata kubwa, fungua utafute kihami kilichosahauliwa, ulanga uliopasuka au unyuzi wa chuma. Kati ya bamba la hasi na kasha isome karibu sifuri. Kazi ya dakika moja hii isirukwe kamwe, kwani chanya inayogusa kasha itakutana na betri nzima mara tu utakaporudisha waya, na kinachofuata ni moshi.

Kujaribu kwenye gari

Baada ya kufunga, rudisha waya wa alterneta kwanza na wa hasi ya betri mwisho. Washa injini na upime kwenye nguzo za betri: volti kati ya 13.8 na 14.5 ni za kawaida kwa mfumo wa volti 12, ingawa magari yenye uchaji unaoongozwa na kompyuta yanaweza kutoka nje ya mipaka hiyo kwa makusudi. Washa taa kubwa, feni ya ndani na kipasha kioo cha nyuma, uiache injini ikizunguka kwa kasi ya wastani. Sasa pima volti za mkondo geu kwenye nguzo ya alterneta, zikizidi 0.5, kuna dayodi isiyofanya kazi. Pima pia kati ya mfuniko wa nyuma wa alterneta na nguzo ya hasi ya betri, ambapo volti zisizidi 0.2. Zikizidi, njia ya bodi ina kasoro, ama kwenye alterneta, ama kwenye waya wa injini. Usitoe waya wa betri injini ikiwa inazunguka ili "kujaribu" kama alterneta inachaji. Volti hupanda ghafla mara kadhaa ya kawaida na kuua dayodi pamoja na vifaa vingine vya gari.

Acha mzigo huo kwa dakika 20, kisha upime joto la mfuniko wa nyuma kwa kipimajoto cha mwale. Alumini inayong'aa humdanganya mpimaji na kuonyesha joto la chini kuliko lililopo, kwa hiyo bandika kwanza kipande cha utepe mweusi unaostahimili joto na upime juu yake. Mfuniko unaopata joto sawasawa kuzunguka eneo la bamba unaonyesha kwamba joto linatoka kwenye dayodi kwenda lilikokusudiwa. Mfuniko uliobaki baridi upande mmoja, huku sehemu nyingine ikiwa ya moto sana, unakuambia bamba limeegemea ukingo mmoja, na hata kama volti zote ni nzuri, alterneta hiyo ifunguliwe tena kabla haijakabidhiwa.

Injini ikishazimwa na ufunguo kutolewa, pima mkondo unaorudi kwenye waya mnene wa alterneta. Uwe miliampea chache tu. Ukikuta zaidi, dayodi mojawapo inavujisha, na betri itakutwa imelala asubuhi.